Baada ya Kumi na Sita

Msumari ulisimama wima katikati ya meza ya mhariri, umechoma vijikaratasi mia kadhaa. Kila fumbo lililokwisha kuchapwa gazetini lilimalizia safari yake hapo.

"Anzia juu," mhariri wa mafumbo alisema. "Cha chini kabisa ni cha mwaka juzi. Ukianzia huko utazeeka hapo hapo kwenye kiti changu."

"Kiti chako kina mguu mmoja mfupi. Sitazeeka, nitaanguka." Inspekta alivua saa yake ya mkononi akaiweka mezani. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, siku ya Alhamisi. Kesho saa kumi jioni Mkuu wake angetia sahihi faili la mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, aandike neno moja, "amezama", na faili liingie kabatini. Likishaingia huko, hakuna askari ambaye angetumwa tena kumtafuta.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Miezi tisa iliyopita Mwalimu alitoka nyumbani kwake jioni, mkononi ana mwavuli. Siku ya tatu mwavuli uliokotwa darajani. Mwenyewe hakupatikana, si mzima si maiti.

Aliyekataa faili lifungwe alikuwa binti yake. Alikuwa mfamasia, na sasa alisimama nyuma ya Inspekta akiwa bado na koti lake jeupe la kazini, amekumbatia daftari kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Baba yake ndiye aliyekuwa akitunga fumbo la "Nini Kinafuata?", namba tano au sita kwa mstari mmoja, na mwishoni alama ya kuuliza. Msomaji hutafuta kanuni, huandika namba inayofuata kwenye kuponi, huikata na kuituma kwa posta. Mwalimu alipotea. Mafumbo yaliendelea kutoka, kila siku ila Jumapili, na Binti aliyakata yote akayabandika daftarini.

"Miezi tisa, dada," alisema. "Mfu hatungi mafumbo."

"Huenda aliacha akiba." Inspekta alimgeukia mhariri. "Aliacha?"

"Akiba? Mwalimu?" Mhariri alicheka mpaka penseli ikamtoka sikioni. "Yule alileta ya wiki kwa wiki. Bahasha moja, vijikaratasi sita, kila Jumatatu asubuhi ndani ya sanduku la pale mlangoni. Na mpaka leo ni vile vile."

"Polisi walikuhoji alipopotea. Hukuwaambia."

"Waliniuliza kama nimemwona. Sijamwona. Hawakuniuliza kama napata bahasha zake."

"Mimi nakuuliza."

"Basi napata." Aliokota penseli. "Nilijua mzee amegombana na watu wake, kajificha kwa rafiki. Mimi nikishapata fumbo langu, ya ndani ya watu ya nini?"

Inspekta alianza kuvitoa msumarini kimoja kimoja, akavipanga mezani sita sita, wiki kwa wiki, kutoka wiki hii kurudi nyuma. Hakuzisoma namba. Shuleni hesabu ilikuwa imemshinda tangu mapema, naye hakuona haya kusema hivyo. Alichotazama ni karatasi, wino na mashimo. Pembeni mwa kila karatasi palikuwa na matundu mawili madogo sana, si ya msumari.

"Hizi huja zimebanwa na nini?"

"Pini. Hizi hapa." Mhariri alivuta mtoto wa meza. Ndani mlikuwa na kopo lililojaa pini nyembamba zenye vichwa vya rangi. "Zimenichoma vidole miaka sita. Ofisi nzima inatumia vibanio, yeye na pini zake."

Inspekta alichukua moja, akaichomeka kwenye ukosi wa shati lake. Kisha aliinamia wino. Mwandiko ulikuwa mmoja kutoka wiki hii hadi mwaka juzi. Kila saba ilikuwa na mkanda kiunoni, na kila nne ilikuwa wazi juu kama kiti kilichopinduliwa.

"Huo ndio mwandiko wa baba," Binti alisema. "Hizo saba nimekua nazo. Nazijua hata gizani."

"Hakika?"

"Dada, hakika."

"Haya." Inspekta alianza kuvigeuza.

Migongo ya wiki hii ilikuwa mitupu. Wiki iliyopita, mitupu. Alikwenda hivyo safu kwa safu, kidole chake kikihesabu wiki, na alipofika ya thelathini na tisa alisimama. Nyuma ya kijikaratasi hicho palikuwa na mstari wa penseli. Aligeuza kilichofuata, penseli tena. Kuanzia hapo hadi mwaka juzi hapakuwa na mgongo hata mmoja mtupu.

"Hii penseli ni nini?"

Mhariri aliinama. "Ah, hiyo! Hiyo ni kurudi nyumbani. Ndivyo alivyokuwa akiita. Mwalimu haamini mfuatano mpaka autembeze kinyumenyume, kutoka jibu hadi namba ya kwanza. Anakwambia mfuatano unaojua kwenda na haujui kurudi, huo umepotea njia."

"Kila fumbo?"

"Kila fumbo! Hata mbili, nne, sita, nane. Huyo atatoka bila viatu lakini hatatoa karatasi bila kuirudisha nyumbani."

Inspekta alimvuta Binti kwa mkono wa koti, akamwekea vijikaratasi viwili mbele, kimoja uso, kimoja mgongo.

"Tazama saba ya wino. Ina mkanda. Tazama saba ya penseli."

Binti alitazama. Saba ya penseli haikuwa na mkanda. Nne za penseli zilikuwa zimefungwa juu, na namba zote zililala upande mmoja kama majani kwenye upepo.

"Watu wawili," Inspekta alisema. "Mmoja ameandika mbele miaka yote, na bado anaandika. Mwingine alihakiki nyuma, akaacha wiki ile ile baba yako alipoondoka. Anayehakiki kwa kurudi nyuma ni nani, mhariri ameshatuambia."

"Kwa hiyo wino si wa baba."

"Haujawahi kuwa wake."

Binti aliliweka daftari mezani. Kurasa zake zilikuwa zimevimba kwa gundi. Alilifunga, akalifungua, akalifunga tena.

"Kwa hiyo miezi tisa yote hii... Kwa hiyo ule mwavuli..."

"Sijasema lolote kuhusu mwavuli. Nimesema kuhusu wino." Inspekta alichomoa ile pini kwenye ukosi, akaizungusha kati ya vidole. "Baba yako alitungia wapi?"

"Nyumbani. Kwenye chumba cha mama. Mama akishona, yeye anatunga."

"Mama anashona."

"Ni fundi wa nguo, dada. Si nilishaku..." Binti aliitazama pini.

Mhariri alikuwa ameokota kijikaratasi kimoja cha safu ya pili, cha Jumatatu ya wiki iliyopita. "Nilijua kuna kitu. Hebu oneni hili. Moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Jibu, thelathini na mbili. Rahisi mno! Hata mlinzi wa mlangoni amelijibu akila karanga. Na Mwalimu aliuchukia mfuatano huu. Niliwahi kumwomba auweke siku ya watoto, akaniwakia, akasema baada ya kumi na sita watu wote hukimbilia thelathini na mbili kama ng'ombe wanaokimbilia mlango mmoja, kumbe kuna mahali ni thelathini na moja."

"Mahali gani?"

"Sikumuuliza. Ukimuuliza Mwalimu swali, andaa na chakula cha mchana."

"Jibu limeshachapwa?"

"Bado. Majibu yote hutoka Jumamosi ya wiki ya pili. Keshokutwa hilo."

"Na kuponi za wasomaji?"

Mhariri alionyesha kwa kidevu. Chini ya dirisha palikuwa na gunia. "Mia nne na kitu. Kila kuponi imebanwa na bahasha yake. Hatujawahi kupata nyingi hivyo. Watu wanapenda kupata, afande."

"Nalichukua," Inspekta alisema, akavaa saa yake.

*

Chumba cha fundi kilikuwa na dirisha moja, na cherehani ilikaa chini yake. Ukutani palining'inia magauni mawili yasiyo na mikono na koti moja lisilo na ukosi. Mwenye chumba, mke wa Mwalimu, alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini hivi, utepe wa kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Alizitema moja moja kwenye kiganja alipomwona binti yake akiingia saa za kazi.

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna, mama."

"Basi mbona umevaa sura ya hospitali?" Alimtazama Inspekta, kisha gunia. "Karibu, afande. Keti pale, ila usikalie lile gauni, mwenyewe anakuja saa nane na ana mdomo."

Inspekta aliketi. "Mama, naomba kuona daftari lako la vipimo."

Fundi hakuuliza kwa nini. Alilitoa chini ya cherehani, akamkabidhi, akarudi kuchomeka uzi kwenye sindano. Kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono. Ukurasa wa kwanza tu ulitosha. Saba zilikuwa na mikanda. Nne zilikuwa wazi juu.

"Umeshaona," Fundi alisema bila kugeuka. "Lifunge, litaingia vumbi."

"Mama," Binti alisema, "ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Kuandika, tangu siku ya kwanza. Mhariri alisema mwandiko wa baba yako ni kuku aliyekanyaga wino, basi yeye anatunga, mimi nanakili, tunabana na pini, tunapeleka. Kutunga mwenyewe, tangu wiki aliyoondoka."

"Na hukuniambia! Nakuja hapa kila siku na gazeti, nakuonyesha, 'Mama, tazama, la leo gumu', na wewe unatikisa kichwa!"

"Ulikuja asubuhi ya kwanza unacheka, mwanangu. Ulikuwa hujacheka siku nne. Unasema baba yupo, tazama gazeti. Ningekunyang'anya vipi?"

Binti alikaa juu ya lile gauni. Hakuna aliyemwambia ainuke.

"Lakini wewe ulijua hayupo," Inspekta alisema.

"Nilijua hayupo nyumbani. Kwamba hayupo duniani, hayo ni yenu na huyo Mkuu wenu."

"Mwavuli wake ulikutwa darajani."

"Umefungwa au umefunguka?"

Inspekta hakuhitaji kufungua faili. "Umefungwa. Kifungo chake kimebanwa. Umeegemezwa kwenye nguzo ya kituo cha basi cha pale darajani."

"Basi kausahau akipanda basi. Tangu anioe amesahau miavuli kumi na moja. Kama kila mwavuli ni kuzama, mume wangu kashazama mara kumi na moja, na mara zote nimempikia jioni."

"Ulisoma hesabu wapi, mama?"

"Darasa la nne niliacha. Lakini fundi asiyejua kinachofuata atakata nguo ya nani? Alikuwa ananisomea namba, mimi nakisia. Nikikosa anafurahi kutwa. Nikipata ananuna mpaka chai ipoe." Alikata uzi kwa meno. "Jioni ile nilipata, nikakosa, vyote pamoja."

Aliinuka, akafungua sanduku la bati lililokuwa chini ya meza ya kukatia, akatoa kitambaa cheusi cha suti. Alikikunjua mezani. Katikati palikuwa na duara jeupe kubwa kama sinia, na ndani ya duara mistari iliyokatana kila upande.

"Aliniambia, Fundi, moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Nini kinafuata? Nikamjibu huku nashona, thelathini na mbili, hata mtoto anajua. Akacheka. Akachukua chaki yangu, akachora duara hapa. Akaweka nukta kwenye ukingo wa duara. Nukta mbili, ukiziunganisha kwa mstari, duara linakatika vipande viwili. Nukta tatu, vinne. Nukta nne, vinane. Nukta tano, kumi na sita. Nikamwambia, si unaona? Akaweka nukta ya sita, akaunganisha zote, akasema, haya, hesabu." Alimsogezea Inspekta kitambaa. "Hesabu na wewe."

Inspekta alihesabu kwa kidole. Alipata thelathini. Alirudia taratibu zaidi, safari hii akiweka pini kwenye kila kipande.

"Thelathini na moja."

"Hata mimi. Mara tatu."

"Kwa hiyo alikuwa sahihi."

"Alikuwa sahihi juu ya kitambaa cha mteja!" Fundi alipiga meza, mkasi ukaruka. "Suti ya mtu, afande! Nimekaa wiki mbili naisubiri nguo hiyo, yeye anaichorea ushindi wake. Nikamwambia, kwangu mimi ni thelathini na mbili, na ukitaka thelathini na moja katafute nyumba wanayohesabu hivyo. Akachukua mwavuli."

Inspekta aliinamia kitambaa, akapitisha ukucha juu ya mstari. Haukufutika. Haukuwa wa chaki. Ulikuwa uzi, mshono mdogo wa mkono, umepitishwa juu ya kila mstari na kuzunguka duara lote.

"Chaki ilianza kutoka," Fundi alisema. "Mwezi wa pili hivi. Nikaipitia."

"Na mwenye suti?"

"Nilimnunulia kingine."

Binti aliutazama ule mshono muda mrefu. Inspekta alimpa muda huo, kisha akaendelea na kazi.

"Fumbo la Jumatatu ya wiki iliyopita. Ulilitoa kwa makusudi."

"Anasoma lile gazeti popote alipo. Hata angekuwa amechukia dunia nzima, lile gazeti atanunua. Nikasema, nitamwekea uongo wa thelathini na mbili mbele ya nchi nzima, atawaka. Atachukua kalamu. Hata akiandika matusi, atakuwa ameandika."

"Kwa nini ulingoja miezi tisa?"

"Nilitaka arudi kwa miguu yake. Si kwa chambo, si kwa polisi." Aliokota pini moja kutoka kwenye kitambaa. "Halafu ikaja barua yenu kwamba faili mnalifunga Ijumaa."

Inspekta alilimwaga gunia sakafuni.

*

Walizichambua kwa mafungu matatu. Walioandika thelathini na mbili huku, walioandika upuuzi kule, na katikati mahali patupu pa thelathini na moja. Mwenye gauni alikuja saa nane, akakuta nguo yake imekaliwa, akafungua mdomo, akamwona askari, akaufunga.

"Huyu kaandika hamsini," Binti alisema.

"Upuuzi," Inspekta alisema.

"Huyu kaandika 'naomba kazi'."

"Upuuzi. Ila mpe mhariri."

Saa tisa kasoro fungu la thelathini na mbili lilikuwa limefika magotini. Ndipo Binti alipoinua kuponi moja kwa mikono miwili. Thelathini na moja. Pembeni palikuwa na duara dogo lenye nukta sita, limechorwa kwa kalamu yenye ncha kali.

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Ina namba ya simu," Inspekta alisema, akapiga pale pale, akaweka sauti nje.

Ilijibu sauti ya mwanamke, na nyuma yake trekta likinguruma. "Kuponi? Ndiyo mimi, mpima ardhi. Nimeshinda? Kila siku nagawa viwanja, nyie mnaniletea thelathini na mbili! Waambieni wanaotunga wakapime kwanza!"

"Umejifunza wapi hiyo ya nukta sita?"

"Chuoni, mwaka wa pili. Kwani wewe hukusoma?"

"Sikufaulu," Inspekta alisema, akamshukuru, akakata.

Binti alirudi kwenye kilichobaki, kuponi kumi, saba, tatu. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili. Ya mwisho ilikuwa tupu kabisa, mtu alikuwa ametuma alama ya kuuliza bila jibu. Saa ya Inspekta ilisema saa tisa na nusu.

"Hakusoma," Fundi alisema. Aliketi kwenye kiti cha cherehani akakanyaga pedeli bila nguo, sindano ikashona hewa. "Au kasoma, hakujali."

Inspekta alikuwa ameinamia kitambaa cheusi. Pini zake thelathini zilikuwa bado zimesimama, moja kwa kila kipande, na pengo pale Fundi alipoiokota ile moja.

"Nimefanya kosa la wasomaji wote," alisema polepole. "Nilisikia Mwalimu ni mbishi, nikasema kinachofuata ni ubishi. Nikatafuta jibu, sikumtafuta mtu." Alimgeukia Binti. "Baba yako angeweza kutoa karatasi bila kuirudisha nyumbani?"

"Kamwe."

"Hata kama jibu si lake?"

Binti alilitazama fungu kubwa, lile la magotini. Kisha alipiga magoti akaanza kugeuza, si kusoma, kugeuza tu, mgongo baada ya mgongo. Nyuma ya kila kuponi lilikuwa tangazo la magodoro. Inspekta alichukua nusu ya fungu. Fundi hakusogea. Pedeli ilikuwa imesimama.

Ilikuwa ya mia na kitu. Binti hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama," kama anavyoita mtu aliyeko chumba cha pili.

Mbele palikuwa na thelathini na mbili, na nafasi ya jina ilikuwa tupu. Nyuma, katikati ya magodoro, penseli ilikuwa imelala upande mmoja kama majani kwenye upepo:

32, 16, 8, 4, 2, 1, ½

Inspekta alilinganisha na kijikaratasi alichotoka nacho kwenye msumari. Nne zilizofungwa. Mbili zenye mkia mrefu. Ndipo alipogeukia bahasha iliyobanwa nayo. Ilikuwa imegundishwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi ya daftari la hesabu la viboksi, na kwenye mkunjo palibaki nusu ya alama ya vyema kwa wino mwekundu. Muhuri wa posta ulikuwa safi. Ulikuwa wa mji anaoujua, mji mdogo kwenye mwisho wa reli, wenye kiwanda kimoja cha saruji na shule mbili tu.

"Anafundisha," alisema. "Imepigwa muhuri Ijumaa iliyopita. Ijumaa iliyopita alikuwa mzima."

Fundi alikuwa ameishika kuponi mbali na macho yake, kama wafanyavyo watu waliosahau miwani.

"Hii nusu ni ya nini?" Binti aliuliza. "Baba hapendi sehemu. Siku zote akifika moja anasimama."

"Kwa kanuni yake lazima asimame," Fundi alisema. "Yake inaanza na nukta moja, kipande kimoja. Ukirudi hadi moja umegonga ukuta. Yangu ni kukata katikati tu. Thelathini na mbili ukikata ni kumi na sita, mpaka moja. Na moja nayo inakatika." Alipitisha kidole gumba juu ya penseli, kwa mbali, asiifute. "Kaipita nyumba yake, kaingia kwenye yangu. Na huko kajikuta nusu."

Simu ya Inspekta ilikuwa tayari sikioni. "Mkuu? Faili la Mwalimu usilitie sahihi."

"Una ushahidi?" sauti ya Mkuu ilitoka nzito.

"Jibu la fumbo la gazetini, Mkuu. Kwa mkono wake, na muhuri wa posta."

"Jibu lenyewe ni sahihi?"

Inspekta aliwatazama mama na binti. "Inategemea unamuuliza nani humu ndani. Naomba kibali cha safari. Treni ya kesho jioni."

Alipokata, Fundi alikuwa amesimama. "Mtamleta kwa pingu?"

"Hajaiba kitu, mama. Nitamkuta, nitamwambia faili lake lipo, nitamuuliza kama anataka kuja. Mtu mzima haburutwi."

"Treni ya kesho jioni ndiyo inayobeba gazeti la Jumamosi?"

"Ndiyo hiyo. Nitafika nalo pamoja, asubuhi."

Fundi aliondoa pini kwenye kitambaa, moja moja, akakikunja, lakini hakukirudisha sandukuni. Alikiacha juu ya meza. Kisha alikaa, akakata kijikaratasi kwa mkasi, sawasawa na vile vya msumarini, akachovya kalamu yake ya wino, akaandika juu yake kwa namba zake za mikanda na viti vilivyopinduliwa: 1, 2, 4, 8, 16. Pembeni, mahali pa jibu, mkono wake ulisimama kidogo tu.

Aliandika 31.

"Mpe mhariri leo hii," alisema. "Mwambie lile la kwanza lilikuwa kosa la fundi. Achape hili Jumamosi."

"Mama, lakini baba keshasema thelathini na mbili," Binti alisema. "Keshakubali!"

"Nimeona alichosema. Na yeye aone nilichosema mimi."

Inspekta alinyoosha mkono kuchukua kijikaratasi. Fundi hakukitoa. Alikipuliza wino ukauke, akakigeuza, akautazama mgongo wake mtupu.

"Hakijaisha," alisema. "Nani ana penseli?"